Hiyo Picha Yako Ndogo, Wacha Kuiuza

Juzi niliweka hapa picha ya sufuria ya ndengu. Nilikuwa najivunia hizo ndengu, kwa sababu mimi na ndengu tumetoka mbali. Nyuma ya sufuria, pale kwa meza, kulikuwa na vikaratasi vyangu vya rangi kama vinane hivi, vimelala vinakauka. Ndengu hakuna aliyezitaja. Watu zaidi ya arobaini wakanitumia ujumbe, na karibu wote walikuwa na swali moja: unauza ngapi?

Hakuna aliyeuliza ni nini. Hakuna aliyeuliza mbona ni vidogo hivyo, ama mbona kimoja kina kijani kibaya pale kwa kona. Bei tu. Msee mmoja akaniambia nikiweka fremu naweza kutoa thao mbili kwa kila kimoja, akanipigia na hesabu kabisa: vinane mara elfu mbili ni elfu kumi na sita, "na bado unalia hakuna pesa." Sijawahi kumlilia huyo msee. Simjui hata.

Sasa wacha niseme hii maneno mara moja, mnichukie nikimaliza. Haya mazoea yetu ya kuona mtu anafanya kitu na mikono yake halafu swali la kwanza ni bei, yametuharibu. Yametuharibu sisi vijana wa mjini kuliko mtu mwingine yeyote, na mbaya zaidi tunayaita akili ya biashara. Ukiimba bafuni, rekodi. Ukijua kusuka, fungua akaunti. Ukipika chapati laini, mbona huuzi? Mtoto wa jirani ana miaka tisa, anachora magari kwa daftari, na juzi nimesikia babake akimwambia hiyo talanta itawaomosha. Miaka tisa, manze.

Kwa wale wapya hapa: mimi huchora picha moja kila siku. Ndogo, ukubwa wa postikadi, na haina mtu wala nyumba wala twiga ndani. Rangi tu na maumbo. Kwa Kiswahili cha darasani wanaita sanaa dhahania. Nachora asubuhi kabla sijawasha data, kwa ile ile meza naosha vyombo, naedit video na kukatia sukuma. Bedsita ina meza moja. Nanunua manila, nakata vipande ishirini, napaka rangi nyeupe ya ukutani pande zote mbili (ukipaka upande mmoja karatasi inajikunja kama chapati ya jana), halafu kila siku natumia kimoja. Rangi ni akriliki za tyubu ndogo. Yote kwa jumla haifiki soo tano kwa mwezi. Dakika ishirini, thelathini, nimemaliza. Nyingi ni mbaya. Sisemi hivyo ndio mnisifu, ni mbaya kweli.

Nilianza mwaka jana Januari, miezi michache baada ya kuacha kampo. Kozi ilikuwa takwimu, nilifika mwaka wa pili. Karo ilikuwa sehemu ya sababu, si sababu yote, na hiyo stori nimeshaisimulia hapa siirudii. Kitu sijawahi kusema ni kwamba baada ya kutoka nilikaa wiki kadhaa bila kujua kama naweza kumaliza kitu chochote. Yaani chochote. Hata kitabu. Hata kufua nguo zote kwa siku moja. Ukiacha kitu kikubwa hivyo mbele ya familia nzima, unaanza kujiangalia kama mtu wa kuacha vitu. Kipande cha manila cha ukubwa wa kiganja kilikuwa kitu pekee ningeweza kuanza na kumaliza kabla chai ipoe. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Haikuwa sanaa, haikuwa kazi, na sikuwa najitibu vile nyinyi mnapenda kusema siku hizi kila mtu akikaa kimya dakika kumi.

Halafu nikafanya ujinga. Nikaweka simu kwa stendi.

Hapa nataka mnisikize polepole, kwa sababu hapa ndipo kesi yangu yote iko. Mwanzoni nilirekodi tu kwa sababu mimi hurekodi kila kitu, ndiyo kazi yangu. Video ya kwanza ikaangaliwa na watu wengi kuliko kitu chochote nilikuwa nimefanya huo mwezi. Na nikajua kwa nini. Kabla ya kupaka rangi nilikuwa nimebandika tepu ya karatasi pembeni, ile ya mafundi wa rangi, ndio mipaka itoke safi. Mwishoni unaibandua polepole, mstari mweupe unatokea, na kuna kitu kwa kichwa cha binadamu kinasema aaah. Watu walikuwa wanaruka video yote mpaka hiyo sekunde ya tepu.

Wiki iliyofuata nikaweka tepu pana zaidi. Iliyofuata, nikagawanya karatasi mara nne kwa tepu, nipate kubandua mara nyingi. Nikaacha kutumia kahawia kwa sababu kwa kamera kahawia inaonekana kama uchafu. Nikaacha kijivu. Nikaanza kununua waridi na buluu kali, kwa sababu hizo zinashikana vizuri na mwanga wa simu yangu. Nikaacha kufunika rangi na rangi nyingine, kwa sababu mtazamaji akiona unaharibu kitu kilichokuwa kizuri anaondoka, na kwa takwimu naona kabisa sekunde ameondoka. Mwezi wa tatu nilikuwa nachora picha za kubandulia tepu. Picha yenyewe ilikuwa imekufa na sikuwa nimeona ikifa, kwa sababu nilikuwa nachungulia namba.

Hakuna mtu alinilazimisha. Hapo ndipo penye uchungu. Hakuna bosi, hakuna mwalimu, hakuna mteja. Watu walinipenda tu, nikageuka vile walinipenda.

Halafu kampuni ikaja. Siitaji, na msinitumie ujumbe mkibahatisha. Walitaka chalenji ya siku thelathini: picha moja kila siku, rangi zao zionekane, na iwe "na furaha". Hiyo ya furaha iliandikwa kwa barua yenyewe. Wakati huo nilikuwa na deni la kodi la miezi miwili na landilodi alikuwa ameanza kunisalimia kwa jina langu lote mawili. Nilikubali. Ningekubali tena, msinione malaika. Nikachora picha thelathini za furaha. Siku ya kumi na saba nilikuwa na homa, nikachora furaha. Siku ya ishirini na mbili mathe alinipigia akilia kuhusu mambo ya shamba la cucu, nikamaliza simu, nikawasha taa, nikachora furaha. Pesa ilikuja baada ya miezi mitatu, ikalipa kodi. Sijutii kodi hata kidogo.

Lakini baada ya hapo sikuweza kuchora. Miezi miwili na nusu. Nakaa kwa meza, karatasi iko mbele, na kila rangi nikishika nasikia mtu anauliza kama ina furaha ya kutosha. Kitu kimoja maishani kilichokuwa kinanirudishia imani kwamba naweza kumaliza jambo, nilikuwa nimekikodisha, na nilipokirudisha nyumbani kilikuwa na alama za vidole vya watu wengine. Sasa wewe unayeniambia niweke fremu niuze thao mbili, unaniambia nirudi huko. Hukujua. Sasa umejua.

Najua mnachotaka kusema. Mnataka kusema hii ni maneno ya watu walioshiba. Kenya hii, vijana hawana kazi, unga uko vile uko, na wewe unatuhubiria tusiuze? Hiyo hoja naiheshimu, kwa sababu ni ya kweli na kwa sababu ni yangu pia. Sina mshahara. Naishi kwa kuhariri video za harusi za watu na kwa matangazo ya hapa na pale, na kuna Jumatano mimi na maharagwe tunaangaliana tu. Uza! Uza nguo, uza mandazi, uza video, uza hata picha kubwa za sebuleni kama unajua kuchora na umeamua hiyo ndiyo biashara yako. Mimi sina vita na biashara.

Vita yangu ni na neno "kila kitu". Kwa sababu angalia vile hesabu inaenda. Ukiuza saa kumi na mbili za siku, umebaki na zako. Ukianza kuuza na zile dakika ishirini za asubuhi, ulizokuwa umejiwekea, bei yake ni kitu gani? Mimi nilipata jibu kwa shilingi, na naweza kuwaambia ilikuwa hasara. Na tena wengi wenu mnaosema "monetaizi" hamjawahi kupata hata mia kutoka kwa hizo talanta zenu. Mmepoteza starehe na hamjapata pesa. Una gitaa pale kwa kona hulishiki tena kwa sababu video zako nne hazikuangaliwa. Gitaa limekukosea nini?

Wengine watanipiga na Tingatinga. Sawa, tumuongelee, kwa sababu ni mfano mzuri na watu wanautumia vibaya. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, kusini mwa Tanzania, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi kama sisi wote, na karibu mwaka 1968 akaanza kuchora kwa vibao vya mraba vya hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli. Aliuza Oysterbay, kwa wazungu na watalii. Alikuwa ameanza kushika njia polisi walipompiga risasi kwa makosa mwaka 1972. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mpaka leo watu wanakula kutokana na jina lake. Mimi siwezi kumdharau mtu anayelisha watoto kwa brashi. Lakini enda dukani lolote la zawadi, Nairobi ama Dar ama Zanzibar, uhesabu ni ndovu wangapi na twiga wangapi. Mnunuzi anajua anachotaka, na anakitaka tena na tena. Hiyo ni kazi, ina heshima ya kazi, na ina sheria za kazi. Asubuhi yangu haina sheria hizo, na ndiyo maana niliiweka.

Upande mwingine niwachape nao. Hawa wa "hata mtoto anaweza kuchora hiyo." Wanapenda kuja kwa kundi. Jibu langu ni rahisi: chora basi. Nunua manila ya hamsini, anza kesho. Siku ya kwanza utafurahi. Siku ya tatu utajiona msanii. Karibu siku ya sita ama ya saba mawazo yataisha, utagundua umechora duara katikati mara tano, na hapo ndipo mchezo unaanza. Kwa sababu ukichora uso wa mtu na ukose, unajua umekosea wapi: pua imeenda kushoto. Mjomba wako anaweza kukuonyesha. Ukichora rangi tatu zisizo kitu, hakuna wa kukuambia imekamilika ama haijakamilika. Ni wewe tu. Lazima uangalie na uamue, na uishi na uamuzi wako. Ni lini mara ya mwisho uliamua kitu bila kuuliza grupu?

Mimi niligundua baada ya picha sitini hivi kwamba kila mara naweka mstari mzito chini, mweusi ama buluu ya giza. Kila mara! Nikazitandaza kitandani nikaona, nikacheka. Ni ile sehemu ya chini ya mathree, pale karibu na tairi, ambapo rangi zote za juu zinaisha. Nimepanda hizo gari tangu darasa la kwanza na zimenikaa machoni bila ruhusa. Sikuambiwa na mtu. Nikajikataza huo mstari mwezi mzima, na huo mwezi ulikuwa mgumu kuliko semista yoyote ya hesabu. Nilijifunza kwamba buluu na machungwa ukizichanganya zinauana, zinakuwa kijivu cha tope, lakini ukiziweka kando kando bila kuchanganya zinapigiana kelele. Kwamba akriliki ikikauka inakuwa nyeusi kidogo kuliko ulivyoipaka, kwa hivyo lazima uianze ikiwa nyepesi kuliko unavyotaka. Kwamba maji yakizidi rangi inakosa nguvu ya kushika, unaipangusa na kidole inatoka. Huo ni ujuzi. Hauna cheti na hauhitaji.

Na wale wanaosema haya ni mambo ya wazungu, naomba mfungue macho mkiwa nyumbani. Kiondo cha cucu yangu hakina mbuzi wala mlima. Kina mistari ya katani iliyotiwa rangi, mipana kwa myembamba, na cucu alijua mstari gani unafuata upi, na akikosea alifumua. Shuka za Wamaasai ni miraba. Shanga za Waturkana ni duara juu ya duara. Hakuna aliyewaambia hao watu hata mtoto anaweza.

Kuna mama mmoja nimekuwa nikimsoma sana, Etel Adnan. Alizaliwa Beirut mwaka 1925, akasoma falsafa Paris, akaenda kufundisha falsafa katika chuo kimoja California. Mwalimu mwenzake wa sanaa akamuuliza, unafundishaje falsafa ya sanaa na wewe huchori? Alikuwa ameshapita miaka thelathini. Akaanza. Alikuwa anaweka kanvasi ndogo kwa meza, imelala hivi kama karatasi, anatoa rangi kwa tyubu na kuitandaza na kisu, na kwa kawaida anamaliza mara moja alipoketi. Mlima mmoja, Tamalpais, aliurudia miaka na miaka mpaka ukawa pembe tatu na mistari ya rangi. Dunia ya sanaa ilikuja kumshangilia kwa nguvu mwaka 2012, katika maonyesho ya documenta kule Kassel, Ujerumani. Alikuwa na miaka 87. Piga hesabu: zaidi ya miaka hamsini ya picha ndogo, na makofi makubwa hayajafika. Wewe ulingoja laiki siku nne ukaacha.

Hilma af Klint wa Uswidi alienda mbali zaidi. Alianza kuchora picha zisizo za kitu mwaka 1906, kabla ya wanaume wanaotajwa vitabuni, na aliacha maagizo kwamba kazi hizo zisionyeshwe mpaka miaka 20 ipite baada ya kifo chake. Alifariki mwaka 1944. Na Paul Klee, mwaka 1939, mwili ukimkaza kwa ugonjwa uliomuua mwaka uliofuata, alirekodi kazi 1,253 kwa daftari lake. Nyingi ni michoro midogo ya karatasi. Sidhani alikuwa anaangalia nani amependa. Ndiyo, najua, Klee alikuwa anauza. Sijasema hawakuuza. Nasema mtu hafanyi 1,253 kwa mwaka, akiwa mgonjwa, kwa sababu ya soko.

Nisisahau wale wa wikendi, wa divai na brashi. Tiketi elfu tatu na kitu, unapewa glasi, aproni, na mwalimu anayekuambia sasa chora jua hapa, sasa chora mti wa mgunga hapa. Watu thelathini wanatoka na machweo thelathini yanayofanana. Mkifurahia, furahieni, ni starehe kama starehe nyingine. Lakini msije kuniambia mnachora. Mlikuwa mnajaza fomu.

Mathe alikuja kunitembelea mwezi uliopita, mara ya kwanza tangu niachane na masomo. Nilikuwa nimesafisha keja mpaka nikajishuku. Akaona boksi la viatu limejaa hivyo vikaratasi, mia tatu na kitu, akakaa kitandani akaanza kuvipitia kimya kimya, kama mtu anayekagua nguo za mtumba. Maana hiyo ndiyo kazi yake, anajua rangi kuliko mimi. Akafika kwa kimoja, akakigeuza juu chini, akakishika mbali kidogo. "Hivi ndivyo kiko sawa." Nikaangalia. Alikuwa sahihi, manze. Kizito kilikuwa kimekaa juu na kilikuwa kinaning'inia vizuri. Sikuwahi kufikiria kukigeuza. Tuliongea kuhusu hicho kikaratasi labda dakika tano, na hayo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza kwa zaidi ya mwaka ambayo hayakuwa na neno digrii ndani.

Halafu akaniuliza, "Na huwa unauza?"

Nikamwambia hapana, mama. Akaniangalia vile mama anaangalia mtu aliyelelewa na mama mwingine. Akakitia kwa mkoba wake bila kulipa na bila kuuliza, akasema ana mahali pa kukiweka. Kiko kwa kibanda chake sasa, kimebandikwa na pini juu ya rundo la sweta, na wateja humuuliza bei. Anawaambia si ya kuuza, ni ya msichana wake. Sijui anasema hivyo kwa kujivunia ama kwa kuwaondoa haraka wanunue sweta. Sijamuuliza.

Kwa hivyo wale arobaini, jibu lenu ni hilo. Haziuzwi, na wala sirudishi simu kwa stendi. Kama umewahi kuwa na kitu kama hicho, gitaa, crosheti, kuimba kwaya bila kurekodiwa, kirudishe kwa siri, na usiniambie. Ya leo ilikuwa kahawia na kijivu tupu. Kwa kamera ingeonekana kama matope, na imekaa poa sana. Sasa niacheni, nina video ya harusi ya kumaliza kabla ya saa sita, na bibi harusi amesema wimbo ubadilishwe tena.